Muuguzi hapimwi kwa karatasi peke yake

(Haya ni mazungumzo ya afya yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia.)

Juma hili niliahidi tuzungumze juu ya maji ya kunywa. Mada hiyo nimeiweka kando kwa sababu ya barua moja ambayo imenikosesha usingizi. Imeandikwa na baba mmoja wa hapa hapa Dar es Salaam. Jina lake sitalitaja, wala chuo anachokieleza. Nitasoma sehemu yake tu.

"Mama, shikamoo. Binti yangu yuko mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Mtihani wa kuandika amepata alama 84, akawa wa tatu darasani. Mtihani wa vitendo wamemwangusha. Alipewa mtoto wa miaka miwili, yaani mdoli, pamoja na video inayoonyesha jinsi mtoto anavyopumua. Alipima joto, akahesabu pumzi, akaandika yote kwenye karatasi. Vipimo vyote vilikuwa sahihi, hata msimamizi mwenyewe amekubali. Bado akapewa sifuri katika kituo hicho na kuambiwa arudie. Mimi namlipia ada kwa kuuza mbao. Naomba uniambie, huu si uonevu?"

Marahaba, baba. Nimekuelewa, na ada ya mtoto haiokotwi barabarani. Mimi nimekuwa nesi, kisha mkunga, kisha mwalimu wa wauguzi mpaka nilipostaafu. Nimewahi kuwaangusha wanafunzi, na nimewahi kuangushwa. Nitakujibu kabla ya mazungumzo haya kwisha. Lakini kwanza inafaa tuelewane kitu kinachotafutwa katika mtihani wa muuguzi, kwa sababu wengi wetu tunadhani ni mtihani kama ule wa jiografia.

Tuanze na swali jepesi. Kwa nini muuguzi apimwe? Ukienda kwa fundi cherehani na suruali ikatoka vibaya, unaiona mwenyewe kwenye kioo. Mgonjwa aliyelala hana kioo. Hajui kama dawa iliyoingizwa kwenye dripu ni ile iliyoandikwa au ni nyingine. Ndiyo maana nchi nyingi ziliamua kwamba mtu asiitwe muuguzi mpaka athibitishwe na chombo cha sheria. New Zealand ndiyo iliyotangulia, kwa sheria ya mwaka 1901 iliyoweka daftari la wauguzi wa nchi nzima. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1919. Hapa kwetu tuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na kazi ya kusajili na kutoa leseni iko mikononi mwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Ndugu zetu wa Kenya nao wana baraza lao. Cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kushika sindano.

Sasa, anapimwaje? Mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Kimarekani wa elimu ya udaktari, George Miller, alilieleza jambo hili kwa mfano wa piramidi yenye ngazi nne. Ngazi ya chini kabisa ni kujua. Ya pili ni kujua namna ya kufanya. Ya tatu ni kuonyesha kwamba unaweza kufanya. Ya nne, iliyo juu kabisa, ni kufanya kweli, siku zote, hata pale ambapo hakuna mwalimu anayekutazama.

Karatasi ya mtihani inafika vizuri ngazi ya kwanza, na ikitungwa kwa akili inafika ya pili. Haiwezi kupanda zaidi. Mtu anaweza kuandika kurasa tatu juu ya kuogelea na akazama Kigamboni. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Hapa naomba niwasimulie jambo langu mwenyewe, maana siwezi kumhukumu mtoto wa mwenzangu nikaficha la kwangu.

Nilikuwa mwaka wa pili, zamu ya usiku, wodi ya wazazi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mama mmoja alijifungua salama saa 8 na dakika 10 usiku, mtoto wa kiume, wa tatu. Sista wa zamu akanipa kazi: mpime huyu mama presha na mapigo ya moyo kila baada ya robo saa, andika. Nikafanya kama nilivyoagizwa. Saa 8 na nusu presha ilikuwa 110 kwa 70, mapigo 88. Robo saa baadaye presha ile ile, mapigo 100. Saa 9 kamili presha 108 kwa 70, mapigo 116. Robo saa tena, presha 100 kwa 70, mapigo 128. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mistari niliipiga kwa rula.

Katikati ya vipimo hivyo yule mama aliniambia, "Sista, nasikia kiu." Nikampa maji. Akasema anasikia baridi. Nikamletea blanketi, nikamfunika vizuri mpaka shingoni. Akapiga miayo. Nikamwambia, "Lala, mama, umechoka."

Alipita mama mmoja mhudumu wa wodi, aliyekuwa akisukuma ndoo ya kupigia deki. Elimu yake ilikuwa darasa la nne la zamani. Akamtazama mgonjwa usoni, akaacha ndoo, akafunua blanketi langu, akaingiza mkono chini ya kanga. Halafu akapiga kelele ambayo bado naisikia. Godoro lilikuwa limelowa damu.

Sista wa zamu alikuja mbio. Akamsugua tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukakaza, akamchoma sindano, dripu mbili zikawekwa, daktari akaitwa, damu ikatafutwa kwa ndugu. Mama yule alipona, Mungu ashukuriwe. Kulipopambazuka sista aliichukua karatasi yangu, akaitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Nani ameandika hapa?" Nikasema ni mimi. Akaniuliza tena, "Uliandika ili nani asome?"

Sikuwa na jibu. Na jambo linaloniumiza mpaka leo ni kwamba mwezi ule ule tulikuwa tumefanya mtihani juu ya kutoka damu baada ya kujifungua, nami nikapata alama 91. Niliandika kwa usahihi kabisa kwamba mama akipoteza damu mapigo ya moyo hupanda kwanza, na presha hushuka baadaye, kwa sababu mwili hujitahidi kuishikilia mpaka nguvu zinapomwishia. Niliandika kwamba kiu, baridi na miayo ni dalili za hatari. Yote niliyajua. Nilikuwa nayo kichwani, na mama alikuwa nayo mwilini, na mimi nikashindwa kuyaunganisha.

Kuunganisha huko, ndugu wasikilizaji, ndiko kunakotafutwa katika mtihani wa muuguzi. Mwaka 2006 mwalimu wa uuguzi wa Marekani, Christine Tanner, alikueleza kwa hatua nne. Ya kwanza ni kuona kwamba kuna jambo. Ya pili ni kulifasiri, yaani kujiuliza lina maana gani kwa mgonjwa huyu. Ya tatu ni kuchukua hatua. Ya nne ni kujitafakari: nilichofanya kimesaidia, au nibadili? Mimi usiku ule sikufika hata hatua ya kwanza. Nilikuwa mashine ya kuandika namba.

Basi tuone jinsi mitihani inavyojaribu kuzinasa hatua hizo.

Njia ya kwanza ni kubadili aina ya maswali ya karatasi. Swali la zamani lingeuliza: "Taja dalili tano za kutoka damu." Swali la siku hizi linakuweka wodini. Hebu nanyi nyumbani mjaribu hili. Umeingia zamu, una wagonjwa wanne. Wa kwanza ni bwana aliyepasuliwa jana, anaomba dawa ya maumivu. Wa pili ni mtoto mwenye homa ya nyuzi 38 na nusu, anacheza na mama yake. Wa tatu ni mama mwenye kifafa cha mimba, amepewa dawa ya magnesiamu, ametulia kabisa, anapumua mara 10 kwa dakika. Wa nne ni mzee ambaye dripu yake imekwisha, na ndugu zake wanakuita kwa hasira. Utaanza na nani?

Wengi watakimbilia kelele, yaani kwa mzee wa dripu. Wengine watakwenda kwa mtoto, kwa huruma. Jibu ni yule mama aliyetulia. Magnesiamu ndiyo dawa inayozuia degedege la kifafa cha mimba, na imeokoa maisha ya akina mama wengi mno. Lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Kwa hiyo kabla ya kurudia dozi muuguzi hutakiwa kuhakikisha mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Mama anayepumua mara 10 hajapumzika. Anazama. Dozi inasimamishwa, anasaidiwa kupumua, anaitwa mkubwa, na inatafutwa dawa ya kuzimua, ambayo ni kalsiamu glukoneti. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "magnesiamu hutibu kifafa cha mimba" amesema kweli, na kwa kweli hiyo hiyo anaweza kumchoma mama yule dozi ya mwisho wa maisha yake.

Hata hesabu za dawa hupimwa hivyo hivyo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Jibu ni mililita 7 na nusu. Mwanafunzi anayekosea nukta akaandika 75 amekosa hesabu, na hilo linaweza kumpata mtu yeyote aliyechoka. Lakini mwalimu anatazama jambo jingine: je, ameshtuka? Mililita 75 ni zaidi ya chupa nzima ya mililita 60. Mwenye busara ataliona jibu lake, atasita, atarudia. Asiye nayo atatafuta chupa ya pili.

Njia ya pili ni mtihani wa vitendo, na hapa ndipo malalamiko ya uonevu yanapozaliwa. Sisi tulipimwa kwa mtindo wa zamani. Mwanafunzi mmoja, mgonjwa mmoja, msimamizi mmoja. Ukipata mgonjwa mpole mwenye mishipa mikubwa, una bahati. Mwenzako akipata mzee mkali asiyetaka kuguswa, shauri yake. Na msimamizi akiwa hampendi baba yako, au akiwa anampenda mno, hakuna wa kumuuliza. Alama ilitoka kichwani mwake.

Dawa ya ugonjwa huo ilibuniwa katika mji wa Dundee, Uskoti, na daktari Ronald Harden na wenzake, nao walieleza mtindo wao kwa maandishi mwaka 1975. Waliupanga mtihani kama vituo vya basi. Chumba cha kwanza kuna mdoli wa kuchoma sindano. Cha pili kuna mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa wa kifua. Cha tatu kuna ndugu wa marehemu anayetakiwa kupewa taarifa. Kengele inalia, mwanafunzi anaingia, anafanya kazi kwa dakika zilizopangwa, kengele inalia tena, anahamia kituo kinachofuata. Wanafunzi wote wanapita vituo vile vile. Kila kituo kina msimamizi wake mwenye orodha ya kuweka alama. Akikuchukia mmoja, wako wengine tisa. Mtindo huo ulianzia kwa madaktari, ukaenea duniani, na wauguzi wakauchukua. Muuguzi wa kutoka nchi nyingine anayetaka kufanya kazi Uingereza hufanya kwanza mtihani wa kompyuta, halafu wa vituo, na tangu mwaka 2021 vituo hivyo ni 10. Wako vijana wa Afrika Mashariki wanaovipitia.

Lakini orodha nayo ina ila yake. Nimesimamia vituo hivi miaka mingi, nikaona jinsi binadamu anavyoizoea mitego. Mwanafunzi anaingia, anasema kwa sauti, "Nanawa mikono," na mikono haijagusa maji. Anamwambia mdoli, "Pole, mama," huku anatazama saa. Amekariri hatua 20 za kufunga kidonda, na ukimwambia ghafla kwamba mgonjwa anatokwa na jasho jembamba, anaendelea na hatua ya 13 kana kwamba hukusema kitu. Kwa hiyo watunzi wa mitihani walianza kuweka katika vituo mambo ambayo hayatangazwi mlangoni. Karatasi ya kituo inasema "mpime mgonjwa joto na pumzi". Haisemi kwamba mgonjwa yuko hatarini. Hilo unatakiwa uligundue mwenyewe, kama nilivyotakiwa mimi usiku ule.

Wamarekani wamelipeleka jambo hili kwenye kompyuta. Tangu mwaka 1994 mtihani wao wa leseni ya uuguzi unafanywa kwa mashine inayokuchagulia maswali kadiri unavyojibu. Ukipata, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosa, linashuka. Ni kama watu wawili wanaopatana bei Kariakoo, mmoja anapandisha, mwingine anashusha, mpaka thamani ya kitu inajulikana. Mashine ikishakuwa na hakika ya asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au chini yake, inafunga mtihani. Mmoja anaweza kumaliza kwa maswali 85, mwingine akafika 150, na muda hauzidi saa 5.

Aprili 2023 mtihani huo ulibadilishwa. Uliongezewa visa vya wagonjwa. Mtahiniwa anafunguliwa faili: maelezo ya muuguzi wa zamu iliyopita, vipimo, dawa. Kisha anaulizwa maswali sita mfululizo juu ya mgonjwa huyo huyo. Katika haya yote uliyoyaona, lipi ni la kushtua? Lina maana gani? Kati ya maana hizo, ipi ni ya haraka? Unaweza kufanya nini? Utaanza na nini? Na ukishafanya, utajuaje kama mgonjwa anapata nafuu? Nilipoyasoma maswali hayo sita nilicheka peke yangu. Ni maswali ya yule mama mhudumu wa wodi. Yeye aliyamaliza kwa sekunde chache, akiwa na fagio.

Liko jambo la mwisho linalopimwa, na pengine ndilo gumu kuliko yote kwa vijana wetu. Ni kumwita mkubwa. Sisi tumelelewa kuwaheshimu wakubwa, na ni vizuri. Lakini heshima inayomfanya mwanafunzi aogope kumwamsha daktari saa 9 usiku huua watu. Kumwita nako kuna ufundi wake. Ukipiga simu ukasema, "Daktari, mgonjwa wa kitanda cha 6 hali yake siyo nzuri," daktari atasema mpe maji, nitakuja asubuhi. Wanafunzi siku hizi wanafundishwa kupanga maneno kwa mafungu manne: hali ya sasa, historia yake kwa ufupi, mimi naona tatizo ni nini, na naomba ufanye nini. "Daktari, samahani kwa kukuamsha. Niko wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua saa moja iliyopita, mapigo yamepanda kutoka 88 mpaka 128, presha imeanza kushuka. Alijifungua salama, ni uzazi wa tatu. Nadhani anatoka damu. Naomba uje sasa hivi." Maneno hayo hayafiki nusu dakika. Daktari gani atalala baada ya kuyasikia? Mpango huo wa mafungu manne asili yake ni manowari za jeshi la Marekani, mahali ambapo taarifa iliyochelewa inaweza kuzamisha watu wote.

Kabla ya kumjibu baba yetu, nisiwaonee wanafunzi. Nao wana haki ya kulalamika. Mimi nimewahi kuwaona wanafunzi 15 wamekizunguka kitanda kimoja, mgonjwa haonekani. Nimewahi kuona kitabu cha mazoezi, kile kinachotakiwa kutiwa sahihi kila mwanafunzi anapofanya kazi fulani mbele ya mkufunzi, kimejazwa sahihi za miezi mitatu kwa mchana mmoja, kwa kalamu moja. Mkufunzi amechoka, ana wodi mbili, mwanafunzi anabembeleza, sahihi zinamwagwa. Halafu tunashangaa anapofika kwenye kituo na kuduwaa. Busara ya wodini haipandwi siku ya mtihani. Inapandwa na mtu anayekaa pembeni mwa mwanafunzi, anayemwuliza kila siku: umeona nini? Unadhani ni nini? Ungefanya nini kama nisingekuwapo? Chuo kisichouliza maswali hayo mwaka mzima kisha kikayauliza siku moja ya mtihani, chenyewe ndicho kinachostahili kurudia.

Sasa baba, nakuja kwako. Umeuliza kama ni uonevu. Ziko njia za kujua, na una haki ya kuzitumia. Nenda chuoni na binti yako, kwa upole. Uliza mambo matatu. Je, wanafunzi wote walipita kituo kile kile na mtoto yule yule wa video? Je, ilikuwapo orodha iliyoandikwa kabla ya mtihani, na binti yako anaweza kuonyeshwa alipokosa? Je, alama ile aliiweka mtu mmoja bila kuhakikiwa na mwingine? Majibu yakiwa mabaya, kata rufaa, nami nitakuunga mkono.

Lakini barua yako ina ukurasa wa pili, ambao sikuusoma mwanzoni. Umeandika vipimo alivyovipata binti yako. Joto nyuzi 38 nukta 9. Pumzi 58 kwa dakika. Na ukaandika kwamba kwenye video kifua cha mtoto kilikuwa kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, jambo ambalo binti yako alikusimulia mwenyewe jioni ile. Halafu kengele ikalia, akaweka karatasi mezani, akaenda kituo kinachofuata.

Baba, mtoto wa miaka miwili akifika pumzi 40 kwa dakika, tunahesabu kwamba anapumua haraka kupita kiasi. Huyu alikuwa na 58, na kifua kinabonyea. Huenda ni nimonia, ya kutibiwa siku hiyo hiyo. Binti yako alihesabu sawasawa. Aliona hata kifua. Lakini hakumwambia msimamizi, hakuuliza, hakuita mtu, wala hakuandika neno "haraka" juu ya karatasi. Kama yule mdoli angekuwa mjukuu wako, vipimo vyake sahihi vingemkuta asubuhi vikiwa mezani.

Kwa hiyo, kwa ninavyoyaona mambo kutoka katika maelezo yako mwenyewe, hakuonewa. Alifanya kosa lile lile nililolifanya mimi nikiwa na alama 91. Tofauti yetu ni kwamba yeye amelifanya mbele ya mdoli, na mimi nililifanya mbele ya mama mwenye watoto watatu. Mimi sista wangu hakunifukuza. Aliniweka zamu ya usiku mwezi mzima zaidi, na kila nilipoandika namba alinisimamisha: "Hiyo namba inasema nini?" Nilimchukia sana mwezi ule. Miaka yangu yote ya ukunga baada ya hapo niliila kwa mkono wake.

Mpe binti yako gazeti hili asome. Mwambie arudie mtihani bila aibu, na akifika kwenye kituo afungue mdomo. Anayejua kuhesabu pumzi tayari yuko karibu sana na kuwa muuguzi. Imebaki ajue kusema.

Na sisi wengine tunaolala kwenye vitanda hivyo, tukimwona mwanafunzi anatupima na kuandika, tumwulize tu, "Mwanangu, umeona nini?" Kuuliza si ujinga. Tutamsaidia kujibu mtihani wake, na pengine tutajisaidia wenyewe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye maji ya kunywa. Kwaherini.